Siku Moyo Uliponyamaza

Mtaani tulimwita Misumari, na hakuna aliyekusudia ubaya. Alikuwa mwanamke fundi wa masofa katika karakana ya baba yake. Kama mafundi wengi wa kazi ile, alizoea kuweka misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi huku nyundo ikisubiri. Ukimsalimia alikuitikia kwa nyusi. Wasiomjua walidhani ana maringo. Sisi majirani tulijua tu kwamba kinywa chake kiko kazini.

Mimi nilipanga chumba kilichopakana na chake kwa miaka mingi, na mambo haya alinisimulia mwenyewe, mengine nikayaona kwa macho yangu.

Baba yake alimlea peke yake. Mama aliondoka nyumbani Misumari akiwa mtoto wa shule ya msingi, akamfuata mwanamume aliyekuwa akitengeneza redio. Hakukuwa na ugomvi wala vyombo kuvunjwa. Alifagia nyumba, akakunja nguo za mtoto na kuzipanga kitandani, soksi juu ya soksi, akatoka. Mtoto aliporudi kutoka shule alifurahi kukuta chumba kimependeza vile. Alikaa akimsubiri mama aje amsifie. Jioni ilipoingia ndipo furaha ile ilipogeuka kuwa kitu kingine, na tangu hapo hakupenda kuona nguo zilizopangwa vizuri mno.

Baba mtu hakumsema vibaya mkewe, wala hakumsema vizuri. Aliyesema ni shangazi. Kila alipokuja kuwatembelea na kumkuta mtoto amesimama mlangoni akitazama barabara, alimshika kidevu akasema, "Macho ya mama yako haya. Na miguu ni yake vilevile."

Watu wazima walicheka. Mtoto aliitazama miguu yake. Alipooga aliisugua kwa wasiwasi, kana kwamba ingeweza siku moja kuamka kabla yake na kumbeba bila ruhusa.

Alikuwa msichana mkubwa, fundi kamili, siku Kinyozi, kijana mwenye duka la kunyolea ng'ambo ya barabara, alipoingia karakana akisukuma kiti chake cha kazi, kile kizito cha kuzunguka. Ngozi ya kiti ilikuwa imechanika na sponji inachungulia nje.

"Dada," akasema, akihema, "huyu mgonjwa wangu atapona, au nianze kuchangisha za mazishi?"

Misumari alitaka kucheka, akavuta pumzi, akameza msumari.

Hospitali walimpiga picha wakauona umetulia tumboni. Daktari akamwambia ale vitu laini na awe na subira, kitu kile kitatafuta njia yake. Kinyozi aliona kosa ni lake. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alisimama mlangoni pa karakana akauliza kwa sauti ya huruma, "Umetoka?" Watoto wakaidaka. Wauza mboga wakaidaka. Mtaa mzima ukawa unauliza umetoka. Sidhani kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kutongozwa kwa swali la aina hiyo. Siku ulipotoka, Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Walicheka mpaka wakashikana ili wasianguke, na baada ya hapo hawakuachana mikono.

Walipendana kwa namna iliyotutia aibu sisi watazamaji. Kinyozi alikuwa akimwacha mteja nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, akavuka barabara kwenda kumwona dakika mbili. Misumari alisahau kula. Alipigilia kitambaa ndani nje kwenye sofa la mwalimu mkuu na asigundue mpaka mwenyewe alipokuja kulichukua. Akisikia kikohozi cha Kinyozi kutoka mbali, kifua kilimruka kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Aliniambia, "Jirani, hii ni raha au ni ugonjwa?" Nikamwambia aolewe upesi, atapata nafuu. Nilikuwa natania.

Harusini shangazi alimkumbatia na kumnong'oneza, "Mama yako naye alianza hivi hivi. Hali chakula, halali usingizi." Bibi harusi akaendelea kutabasamu kwa ajili ya wageni, lakini mikono ilimpoa, na Kinyozi aliyekuwa ameishika akamwuliza kama anaona baridi.

Wakaishi vizuri. Kinyozi alikuwa mtu mwema, mchangamfu, anayejua habari za kila mtu na asizitangaze. Mwaka ukapita, mwingine ukafuata.

Kisha ikaja alasiri moja ya kawaida kabisa. Misumari alikuwa ametoka kununua uzi mnene. Ng'ambo ya barabara akamwona mumewe mlangoni pa duka akikung'uta shuka la kunyolea, nywele zinapeperuka kwenye jua. Mamia ya mara alikuwa amemwona hivyo, na kila mara moyo uliongeza pigo moja. Siku hiyo haukuongeza. Alimwona mwanamume mwenye koti jeupe anakung'uta nywele, basi.

Akasimama pale pale. Akadhani labda hakumtazama sawasawa. Akarudi nyuma mpaka kona, akaja tena. Moyo kimya. Akarudi mara nyingine, akaja kwa haraka zaidi, kama mtu anayetaka kumshtua mwenzake aliyesinzia. Kinyozi akamwona, akapunga mkono.

"Fundi! Umepotea njia?"

"Hapana," akajibu. "Nimeangusha kitu."

"Nije tutafute wote?"

"Nitakipata."

Akaingia karakana akaketi nyuma ya fremu za makochi, mahali baba yake asipoweza kumwona. Hakujua mtu mwingine yeyote aliyewahi kupatwa na jambo hilo isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amekunja nguo akaondoka. Akanyoosha miguu yake mbele, akaitazama.

Tangu siku hiyo alianza kumpenda mumewe kwa bidii. Alimpokea mlangoni. Alimsifu chakula kikiwa kinywani, akamsifu viatu, akamsifu alivyofunga komeo la dirisha. Akicheka alijisikia anavyocheka, na sauti ile ilimtisha, kwa kuwa ilifanana na ya mtu anayejaribu kuiga sauti yake. Jumapili Kinyozi alikuwa na desturi ya kumkata nywele za kisogoni uani. Zamani Misumari alisinzia chini ya vidole vile. Sasa alikaa amekakamaa, akiwaza kwamba mtu anayeshika vichwa kutwa nzima lazima ajue kilichomo ndani.

"Legeza shingo," Kinyozi alimwambia.

"Nimelegeza."

"Hujalegeza."

Akashusha pumzi, akajilazimisha, machozi yakamjaa. Nikiwa naanika nguo zangu niliyaona, nikadhani ni nywele zimemwingia machoni.

Wiki chache baadaye dirisha kubwa la karakana likavunjika kwa upepo, na baba mtu akamwita fundi wa vioo. Alikuwa mgeni mtaani, mrefu, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo meupe. Alifanya kazi siku mbili. Alipokata kioo alishika pumzi, na Misumari, bila kukusudia, akajikuta naye ameshika pumzi. Mgeni akageuka, akamwona, akatabasamu. Na kifua chake Misumari kikaruka.

Kilikuwa kile kile. Mruko ule ule aliokuwa akiutafuta barabarani kama mtu aliyepoteza pete, umekuja bila kuitwa, kwa mtu asiyemjua hata jina. Hakufurahi hata kidogo. Akaegemea rundo la sponji. Aliniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuogopa kama alivyoogopa mchana ule, na hakuna aliyekuwa amemtishia.

Siku ya pili mgeni alikusanya vifaa vyake taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Jumamosi asubuhi naondoka na basi," akasema. "Kuna jengo zima huko linanisubiri, vioo juu mpaka chini. Kazi ya mwaka." Akafuta kioo kipya mahali ambapo palikuwa safi. "Ningefurahi nikipata mtu anayejua kushika kitu bila kukivunja."

Mdomo wa Misumari ulikuwa umejaa misumari, na aliishukuru.

Ijumaa alirudi nyumbani mapema. Jua lilikuwa bado juu. Alikuwa na nguo za kupiga pasi, akazipiga: makoti meupe ya mumewe, suruali, mashuka. Akakunja. Akapanga kitandani, kingo kwa kingo, akasawazisha kwa kiganja. Alikuwa hawazi chochote. Alipofika kwenye soksi, akiziweka moja juu ya nyingine, ndipo alipoiona mikono yake.

Upande wangu wa ukuta nilisikia kishindo nikadhani ameanguka. Alikuwa amezitupa nguo zote sakafuni na kuzipiga teke. Kabla sijafika mlangoni kwake, yeye akawa amefika kwangu. Alikuwa peku, amebeba mfuko.

"Jirani, niwekee hivi."

Nikachungulia. Vilikuwa viatu vyake vyote, hata ndala za bafuni.

"Viatu? Unahama?"

"Niwekee mpaka kesho mchana. Nikija asubuhi kuvidai, usinipe. Hata nikilia. Hata nikikutukana."

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, kicheko kikafa. Sikuuliza. Nilisukuma mfuko ule chini ya kitanda changu, na mimi nisiyejua chochote nikaanza kuogopa.

Asubuhi hakuja. Nilimsikia tu akitembea chumbani, kwenda na kurudi, nyayo tupu kwenye sakafu. Mabasi yalipiga honi kule stendi na kila honi nyayo zilisimama. Mchana ndipo alipogonga, macho yamevimba.

"Nipe jozi moja," akasema. "Naenda kwa mama."

Shangazi ndiye aliyekuwa akijua mahali, akamwelekeza. Miaka yote alijua. Mama alikuwa akifanya kazi kwa dobi, nyuma ya hospitali, akipiga pasi mashuka ya wodi katika chumba chenye mvuke na ukuta unaotoa jasho. Alikuwa amezeeka kuanzia mikononi. Alimtazama mgeni aliyesimama mlangoni, halafu akaisimamisha pasi pembeni, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Akatafuta kiti, hakukuwa na kiti. "Baba yako amekufa?"

"Hajafa. Nimekuja kukuuliza kitu, nikishajibiwa nitaondoka."

"Uliza."

Misumari alikuwa amebeba maswali ya miaka mingi, lakini lililotoka lilikuwa moja. "Ulidumu muda gani? Ule wazimu. Wewe na yule wa redio."

Mama alivuta shuka mbele yake, akanyoosha ukingo.

"Mpaka mvua za mwaka wa pili," akasema. "Tulikuwa tunakula. Nikasikia anavyotafuna. Siku zote alitafuna vile vile, ila mimi nilikuwa sijawahi kusikia. Nikajua umekwisha."

"Sasa mbona hukurudi?"

"Nilirudi. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Wewe ulikuwa mlangoni unatazama huku na huku. Nikaogopa macho yako yakifika kwangu. Nikajificha nyuma ya gari, nikaenda zangu. Mara ya pili sikufika hata kona." Akaichukua pasi, akairudisha chini. "Uoga, mwanangu. Nilimkimbia mwanamume mmoja kwa sababu moyo ulikuwa umenyamaza, nikakaa na mwingine ambaye kwake moyo ulikuwa umenyamaza vile vile, kwa kuwa nilikuwa naogopa kupiga hodi."

"Na baba? Hakukuuliza kitu siku ile?"

"Baba yako aliniona nakunja nguo. Alisimama mlangoni, akaziona. Akavaa viatu akaenda kazini."

"Angeuliza, ungebaki?"

"Sijui. Labda ningemdanganya." Akalishika tena shuka. "Lakini nguo zile nilizikunja asubuhi nzima. Mtu hahitaji asubuhi nzima kukunja nguo za mtoto mmoja."

Misumari alirudi kwa miguu. Alisema njia nzima aliogopa, na alichokuwa anakiogopa sasa kilikuwa nyumbani, kimeketi uani kwenye kigoda kikisafisha mashine za kunyolea kwa brashi. Nguo zilikuwa bado zimetapakaa sakafuni tangu jana. Kinyozi alikuwa ameziruka na hakuuliza. Misumari alipotambua kwamba ameziona na hakuuliza, alimkumbuka baba yake mlangoni.

Akapiga magoti mbele yake ili yeye mwenyewe asiweze kukimbia.

"Nina neno, na nikinyamaza sasa sitalisema tena," akasema. "Siku hizi nikikuona moyo hauruki. Najaribu kuurusha, hauruki."

Kinyozi aliendelea kusugua. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunipenda kwa bidii."

Misumari akamweleza yote, hata ya fundi wa vioo, hata ya viatu. Mimi nilikuwa nimefunga dirisha langu kwa heshima, lakini mbao zile nyembamba hazikuwa na heshima yoyote. Nilimsikia Kinyozi akiuliza kwa sauti kavu, "Alikugusa?" na mkewe akijibu, "Hapana. Wala mimi sikumgusa."

"Na wewe?" Misumari akauliza. "Wako bado unaruka?"

"Mimi naogopa kuuangalia," Kinyozi akasema.

Akanyanyuka, akachukua koti moja kutoka sakafuni, limekunjamana vile vile, akaenda. Alilala dukani siku hiyo, na zilizofuata.

Zilikuwa siku mbaya. Misumari alifanya kazi bila misumari mdomoni, anaitoa kwenye kopo, kwa kuwa aliogopa akisikia kikohozi barabarani ataimeza yote. Baba mtu alimtazama, akafungua kinywa mara kadhaa, akakifunga. Shangazi akaja bila kuitwa, akaanza: "Si nilisema, miguu…" Misumari akasimama na nyundo yake. "Shangazi, miguu yangu iko hapa hapa. Aliyeondoka ni mwenye miguu mingine." Baba yake akacheka mara moja, kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyekisahau, na shangazi akaomba maji ya kunywa.

Lakini jibu hilo halikumpunguzia hofu. Aliogopa Kinyozi hatarudi. Akagundua kwamba hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ile ya moyo kunyamaza, na hakujua aiite nini. Alikumbuka vitu vidogo visivyo na fahari: namna Kinyozi alivyokunja taulo mara tatu, alivyomsemesha paka wa jirani kama mteja, alivyoacha chai ya mwisho kwenye kikombe kila siku na kukana kwamba ameiacha.

Mwisho akavuka barabara. Duka lilikuwa na watu. Akaketi kwenye benchi la foleni kati ya mzee wa posta na kijana wa bodaboda, akasubiri zamu kama wengine.

"Anafuata nani?" Kinyozi akauliza bila kugeuka.

"Mimi."

Mkono wenye mashine ukasimama. Mzee wa posta akalishika gazeti lake juu zaidi. Misumari akaketi kwenye kiti, na kwenye kioo wakatazamana.

"Nataka urudi nyumbani," akasema.

"Nirudi kwa nani? Kwa mtu anayenipima moyo kila nikipita?"

"Nitaacha kupima."

"Usiniahidi usichokiweza."

"Basi hilo sitakuahidi." Benchi zima lilikuwa limeacha kupumua. "Siwezi kukuahidi kwamba moyo utaruka. Pengine hautaruka tena kwa mtu yeyote, pengine utamrukia mpumbavu yeyote anayepita. Sijui. Ninachoweza ni kukuambia. Ukiniuliza, nitakuambia kweli. Sitakunja nguo kimya kimya."

Kinyozi alimfunga shuka shingoni. Akamkata nywele za kisogoni, pole pole, na hakumwambia alegeze. Alipomaliza akasema, "Nitauliza kweli. Utachoka."

"Uliza."

"Nenda. Nikifunga nitakuja."

Alikuja. Na aliuliza. Mwaka ule wa kwanza aliuliza mara nyingi, katikati ya chakula, wakiwa stendi, wakati mwingine asubuhi kabla ya salamu: "Leo bado unataka kuwa hapa?" Kila mara Misumari alishtuka, akajitazama ndani kama mtu anayechungulia kisima, akaogopa atakachokiona, kisha akajibu. Mara nyingi ilikuwa ndiyo. Mara mbili tatu ilikuwa "leo sijui," na siku hizo wote wawili walitembea nyumbani kwa hadhari, kama kuna mgonjwa. Siku zikapita. Hakumbuki ni lini aliacha kuulizwa.

Walipata binti mmoja. Sasa ni mkubwa, anafanya kazi kwenye duka la dawa. Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwa Misumari tukimenya viazi tuliposikia binti akiimba bafuni. Si mtu wa kuimba. Akatoka na taulo kichwani, hakutuona, akapita mpaka chumbani akiwa anatabasamu peke yake, na chakula chake cha mchana kilikuwa mezani hakijaguswa.

Kisu cha Misumari kilisimama.

"Umemwona?" akaninong'oneza.

"Nimemwona. Ni furaha ya ujana, muache."

"Ndiyo, ni furaha." Akajifuta mikono kwenye kanga, mara mbili, ingawa ilikuwa imeshakauka. "Mimi kwa umri ule hakuna aliyeniambia chochote, isipokuwa shangazi."

Akavuta pumzi, akaenda akagonga mlango wa chumba kile, akaingia. Viazi vilivyobaki nilivimenya mwenyewe, mpaka cha mwisho, na walikuwa bado wanazungumza.